Chungu Kimoja kwa Mujibu wa Serikali

Kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya sensa nilikuwa nakula chakula cha jioni mara mbili kila siku, na hakuna mtu katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale aliyenihurumia. Saa kumi na moja nilikula kwa mama yangu, nyuma ya nyumba, kwenye mafiga yake matatu. Saa moja nilikula kwa mke wangu, mbele ya nyumba, kwenye mafiga yake matatu. Kutoka mafiga hadi mafiga ni hatua kumi na mbili za mtu mzima, nami nilizitembea polepole ili chakula cha kwanza kipate kushuka.

Chanzo kilikuwa sombe. Mama yangu alizaliwa Kivu ya Kusini, huko ambako majani ya muhogo hutwangwa kwenye kinu mpaka mkono ufe ganzi, ndipo yaitwe mboga. Mke wangu alikulia hapa kambini. Yeye hununua sombe iliyokwisha kusagwa kwa mashine sokoni, kama afanyavyo mwanamke yeyote mwenye watoto wanne na akili timamu. Siku moja tulikuwa na wageni wa kanisani. Mama akaonja, akaweka kijiko chini, akasema mbele ya mchungaji, "Hii sombe iko nanuka mazutu." Mazutu ndiyo dizeli. Mke wangu akatabasamu, lile tabasamu la kutangaza vita, akajibu, "Basi, maman, upikake yako."

Alidhani anasema tu. Kesho yake asubuhi mama alikuwa amekwisha kupanga mafiga.

Wahenga walisema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Kwangu mimi nyasi zilinenepa. Wakati ule posho ya kambi ilikuwa imepunguzwa hadi watu wakawa wanatoboa matundu mapya kwenye mikanda yao ili kuikaza, na mimi nilikuwa nailegeza yangu. Kanisani walinishika mikono na kumshukuru Mungu kwa mwili alionipa. Sikuwasahihisha. Ningewaambiaje kwamba ule haukuwa mwili bali ugomvi?

Mtu ataniuliza kwa nini sikuchagua chungu kimoja. Kukataa chakula cha mke wako ni kuanzisha maneno ambayo majirani watayamaliza. Kukataa chakula cha mama yangu kulikuwa kubaya zaidi. Tulipokimbia kwetu tulikuwa watu kumi na watatu. Tulioingia Nakivale ni mama na mimi. Mama akipika, hata kama ni kikombe kimoja cha maharage, anapika kama mtu anayengojewa na wengi, na ndani ya ule moshi mimi ndiye wengi wenyewe. Basi nilikula.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa serikali ilipotangaza sensa ya watu na makazi, nami nikaajiriwa. Sikuajiriwa kwa elimu, bali kwa ulimi. Walihitaji mtu anayejua Kiswahili cha kwetu, Kinyankole cha sokoni na Kiingereza cha kujaza fomu, awe mkalimani wa karani atakayepita nyumba kwa nyumba. Nilipewa kizibao cha rangi ya machungwa, ambacho vifungo vyake havikukutana. Vyungu viwili, ndugu msomaji.

Mafunzo yalifanyika Mbarara, upande wa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, katika ukumbi wenye viti vya plastiki na feni moja iliyozunguka pale tu mkubwa alipoingia. Siku ya pili mkufunzi alisimama akatupa ile sentensi iliyoniharibia amani. Kaya, alisema, si watu wa ukoo mmoja wala wa paa moja. Kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Akaturudisha darasa la kwanza, tukaimba wote: chungu kimoja, kaya moja.

Niliinua mkono. "Na mtu anayekula vyungu viwili?"

Ukumbi ukacheka. Mkufunzi akadhani nina wake wawili, akanieleza kwa upole kwamba mtu wa aina hiyo huandikwa pale alipolala usiku wa sensa, na huandikwa mara moja tu.

"Na kama hana wake wawili?"

"Basi huyo ni mlafi," alisema, "na fomu haina nafasi ya mlafi."

Mchana tulipanga mstari kwa matoke na mchuzi wa karanga, vyote kutoka sufuria moja kubwa kama beseni la kuogea. Nilimwambia jirani yangu kwamba, kwa kanuni ya asubuhi, ukumbi mzima sasa ni kaya moja, na mkuu wa kaya ni yule mama mwenye mwiko. Hakucheka. Alikuwa amepangiwa wafugaji wa Endiinzi na alikuwa anawaza jinsi ya kumkuta mtu nyumbani wakati ng'ombe wako malishoni.

Karani wangu alikuwa binti wa hapohapo Nyamitanga, aliyemaliza chuo na bado anangoja kazi. Kiswahili chake alikirithi kwa baba yake, askari polisi mstaafu, kwa hiyo hata salamu yake ilikuwa na harufu ya kituo. "Muzee," aliniambia siku ya kwanza, "mimi Swahili yangu ni ya kukamata watu. Wewe nasaidia mimi, wasikimbie." Nilimpenda papo hapo.

Tuliporudi Nakivale nilipewa kipaza sauti nitangaze katika kijiji chetu. Hapa lazima nikiri kosa langu, maana hakuna mwingine wa kulibeba. Nilitaka kueleweka. Nilizunguka njia zote nikipiga kelele kwa Kiswahili cha kwetu: "Kesho banaanza kuhesabu! Famiye ni batu ya nyungu moya! Nyungu moya, famiye moya!" Nilirudia hadi sauti ikakauka. Watoto walinifuata wakiimba. Nilikwenda kulala nikijisifu kwamba nimeifanya kazi ya serikali kwa ufasaha.

Sasa, sisi wakimbizi ni mabingwa wa kuhesabiwa. Tumehesabiwa kwa kadi, tukahesabiwa kwa vidole, tukahesabiwa kwa mboni za macho. Tumesimama juani na vichanga na vikongwe kwa sababu asiyeonekana hafutiki tu kwenye orodha, anafutika kwenye unga. Na katika miaka yote hiyo tumejifunza jambo moja: hakuna anayehesabiwa kwa mdomo. Unachotaka kihesabiwe, ukilete. Ukisema una mtoto, mlete. Ukisema una kadi, ilete.

Asubuhi yake nilimkuta karani amesimama kwenye uwanja wa mkutano, mkono kinywani. Mbele yake palikuwa na mstari wa watu uliozunguka hadi nyuma ya kanisa, na kila mtu alikuwa na sufuria yake.

"Banange!" alisema. "Muzee, wewe naambia watu nini?"

Sufuria zilikuwa zimesuguliwa kwa mchanga hadi zikang'aa kama za arusi. Nyingi zilifanana kama mapacha, maana zilitoka kwenye mgao uleule, na wenyewe walizitambua kwa alama walizozikwaruza chini. Mzee mmoja alileta chungu hasa, cha udongo, akawatazama wenzake kwa dharau. Mama mmoja alileta sufuria ikiwa na maharage yanayotokota, ameishika kwa matambara mawili, kwa hofu kwamba chungu kitupu kingeandikwa hakina watu. Jirani yangu wa kushoto, baba wa vijana watatu, alikuwa na sufuria nne, tatu zikiwa mpya kabisa. Nilipomtazama akaangalia mawingu.

Na mle mstarini niliwaona watu wangu. Mke wangu alikuwa na sufuria yake kubwa kichwani, mfuniko umefungwa kwa kamba. Watu kumi nyuma yake alikuwa mama yangu. Alikishikilia kisufuria chake kifuani kwa mikono miwili. Kilikuwa kidogo kuliko vyote.

"Bwana sensa," mama akaniita nilipomfikia, akinitania mbele za watu. "Niko hapa. Na yangu utaandika juu ya nani?"

"Tutakuja nyumbani, mama," nikasema. "Rudi nyumbani."

"Nimekuuliza kitu, papa."

Kwetu mama humwita mwanawe papa anapompenda sana au anapombana. Nilishika kipaza sauti nikawatangazia wote warudi nyumbani na sufuria zao, kwamba ni sisi tutakaowafuata. Waliondoka wakinung'unika. Wengi waliamini kwamba mstari umevunjwa kwa sababu vyungu vimezidi bajeti.

Siku zilizofuata tulipita nyumba kwa nyumba. Karani alishika mashine yake, simu kubwa kama kibao cha kukatia nyama, nami nikatafsiri. Sakafu ni ya nini? Udongo. Ukuta? Udongo. Paa? Hema, na bati mbili. Nilizoea kazi, watu walinipa viti, na kila jioni nilipanga njia ya kesho kwa uangalifu mkubwa ili tusifike kwangu. Njia hiyo ilipinda sana. Siku ya nne karani alisimama, akaigeuza mashine huku na huku.

"Muzee, hii nyumba ya mlango bluu sisi naruka kila siku. Kwa nini?"

"Kuna mbwa mkali."

Hapo mwanangu wa mwisho akatoka kwenye ule mlango wa bluu, akapiga makofi, akaita, "Papa amekuya!"

"Huyo mbwa najua Swahili mingi," alisema karani, akaingia uani.

Alianza na mke wangu, mbele ya nyumba. Mke wangu alijibu kama mtu aliyekesha akisomea mtihani. Maji tunateka wapi, choo ni cha aina gani, tunapikia nini. Kisha watu: mume, mke, watoto wanne. Sita. Karani akabonyeza, akafuta jasho, akaniuliza kama kuna chungu kingine katika kiwanja hiki. Ningeweza kusema hapana. Moshi ulikuwa unapanda nyuma ya paa kama kawaida yake ya saa kumi na moja. Tukazunguka. Hatua kumi na mbili.

Mama alikuwa ameketi kwenye kibao amevaa kitenge chake cha Jumapili. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Nilijua papo hapo kwamba kila siku tangu ule mstari alikuwa amekivaa akitungoja, wakati mimi nampitisha karani kwenye njia za mzunguko, na niliona haya hadi masikio yakawaka.

"Kaaka," karani alimwambia, kama wanavyowaita bibi zao kwao Ankole, "wewe nakula na nani?"

"Na mwana wangu," mama akajibu, akaninyooshea mwiko.

Karani akanitazama. "Lakini muzee, wewe mimi nasha andika kwa bibi yako, ule ya mbele."

"Ndiyo."

"Mtu moja, chungu moja. Serikali hapana taka mtu mbili mbili. Wewe ni ya chungu gani?"

Nimeulizwa maswali na watu wenye bunduki, kwenye vizuizi vya barabarani, na nikajibu vizuri, ndiyo maana niko hai. Hili lilinishinda. Mke wangu alikuwa amekuja hadi kwenye pembe ya nyumba, amekunja mikono. Mkalimani wa lugha tatu, anayelipwa na taifa zima kwa ajili ya kinywa chake, nikakosa neno. Halafu nikapata neno la mwoga.

"Andika ulivyokwisha kuandika," nikasema kwa Kiingereza, ili mama asielewe.

Mama hakuhitaji Kiingereza. "Anaandika nini?"

"Anakuandika wewe, mama."

"Mimi na nani?"

"Wewe."

"Ngapi?"

Ilikuwa kazi yangu kutafsiri. "Moya," nikasema.

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele. Alilirudia lile neno taratibu, akichungulia ndani ya kisufuria chake. "Moya. Tulitoka kwetu batu kumi na tatu, papa. Mimi nilibakiya, ni kweli. Lakini hakuna mutu alishaka kuniandika moya." Kisha akamgeukia karani, akamwuliza kwa heshima kabisa, kama anayetaka kujua bei, "Munahesabu batu ao munahesabu nyungu?"

Nilitafsiri. Karani akashusha mashine. "Bambi," alisema, yaani maskini, na hilo halikuwa jibu, lakini ndilo pekee alilokuwa nalo.

Nilisimama pale na tumbo langu la vyungu viwili, nikaelewa kwamba mwaka mzima nilijiona ninadumisha amani kumbe ninakula tu. Nilitaka kusema kitu. Aliyefanya kitu ni mke wangu. Alikuja bila kumtazama mtu, akakunja ncha mbili za kitenge chake, akakiinua kisufuria kutoka motoni, akaondoka nacho. Mama akanyanyuka. "Maharagi yangu haiyaiva!" Mke wangu hakugeuka. Sisi watatu tukamfuata mbiombio hadi mbele ya nyumba, tukamkuta anayamimina maharage yote, na maji yake, ndani ya sufuria kubwa, juu ya sombe ya mashine. Akafunika.

"Andika saba," alisema.

Karani aliniangalia. Kwenye mafunzo hawakutuambia kama kaya inaweza kuzaliwa mbele ya karani. "Sasa hivi ni chungu kimoja," nikasema, na kwa mara ya kwanza katika zoezi lile nilikuwa nasema ukweli wa sasa hivi. Akaifungua upya fomu, akaongeza mtu: mama wa mkuu wa kaya.

"Mukuu ni nani?" mama akauliza.

"Ni mwanao."

Mama akanitazama kuanzia kizibao hadi tumboni. "Ule? Ule iko mukuu wa kula," akasema, na mke wangu akacheka, akajifanya anakohoa moshi.

Karani akatoa chaki akaandika namba ya kaya mlangoni, kama kanuni isemavyo. Mama akamsogelea. "Uandike na ile saba. Niione." Karani alisema kanuni haina kitu hicho. Mama akaendelea kusimama. Karani akaandika saba, kubwa, chini ya namba ya serikali, akaondoka haraka kabla mtu hajabadilisha chungu.

Jioni hiyo tulikula saba. Maharage yalikuwa magumu kama kokoto, na sombe ilikuwa imekuwa uji. Watoto walitazamana. Mama alikula tonge la kwanza, la pili, akaweka kijiko chini, nami nikaanza kuomba moyoni.

"Iko nanuka mazutu," alisema. Akafikiri, akapima ncha ya kidole chake. "Lakini kiloko tu."

Asubuhi moshi ulikuwa unapanda nyuma ya nyumba.

Hivyo basi, mkubwa yeyote akifungua takwimu za taifa atatukuta mle, watu saba wa chungu kimoja, tunaoelewana. Nimesoma karatasi nyingi za serikali na za mashirika zinazotuhusu, na karibu zote zilitusema vibaya kuliko tulivyo. Hiyo ndiyo pekee iliyotusema vizuri kupita kiasi, na niliitafsiri mimi.

Mvua za kwanza ziliifuta namba ya kaya mlangoni, lakini saba haikufutika. Niliisifu chaki ya karani. Mvua za pili zilipiga mlango ule siku mbili mfululizo, hata rangi ya bluu ikaanza kubanduka, na saba ilikuwapo, tena sasa imekuwa nyeusi. Nikaanza kuikagua. Ilikuwa imegeuka, inatazama upande usio wake, kama inavyoandikwa na mtu ambaye hajakaa darasani hata siku moja.

Nilipata jibu alasiri moja niliporudi kutoka Mbarara kutafuta kazi nyingine ya ulimi. Mama alikuwa mlangoni na kipande cha mkaa, ulimi umetoka kidogo, anaikoleza saba yake. Kwa kuwa bawaba ya mlango ule imelegea na mlango hauishi kuyumba, mke wangu alikuwa ameushikilia kwa mikono miwili mpaka amalize. Waliponiona waliachana. Mama alirudi nyuma kwenye moto wake na mke wangu kwenye wake, na kwa kuwa ilikuwa karibu saa kumi na moja, nikalegeza mkanda.